Mshahara wa Siku Usiyoruka

Nsemulwa, Mpanda

Leonsi,

Vua kwanza hivyo viatu alivyokupa Mrisho. Vua, ndipo usome. Siiandikii miguu ya Mrisho, namwandikia mjukuu wangu. Ulidhani sijaviona? Juzi umeingia hapa uani unakanyaga kwa vidole kama kuku anayevuka matope, ngozi mpya inalia kwii kwii, nikakuuliza umevitoa wapi, ukasema, "Nimeazimwa, bibi." Mtu gani anaazimisha viatu ambavyo yeye mwenyewe hajavivaa? Mwongo wewe, na huo uongo wenyewe huujui. Leo asubuhi nimekwenda bombani, mke wa Mrisho akanipigia vigelegele mbele ya watu wote: "Mama Gaspari, hongera, tumepata dereva!" Nikasimama na ndoo yangu kama kisiki. Mimi niliyetangaza Nsemulwa nzima kwamba mjukuu wangu kesho anapanda treni kwenda kusomea urubani, naambiwa na mke wa mwenye lori kwamba huyo mjukuu anakwenda kubeba tumbaku. Na wote pale bombani wakaniangalia usoni waone nitafanyaje. Nikasema, "Ndoo yangu imejaa," nikaondoka. Ilikuwa nusu.

Ningekusema kwa mdomo, lakini nakujua. Nikisema unaitika "ndiyo bibi, ndiyo bibi" huku mguu mmoja uko nje. Na mimi nikishaanza kusema napandisha sauti, majirani wanakuja na vigoda vyao kusikiliza, jambo la nyumbani linageuka ngoma. Basi leo nimefunga kibanda, wateja wakale wanakojua wao, nimekaa barazani na kalamu tangu jua la mchana. Umekwenda uwanja wa mpira kuwaaga wenzako. Ukirudi utaikuta barua hii juu ya sanduku lako la bati, na jua litakuwa bado lipo, maana una kazi ya kufanya kabla halijazama. Kazi hiyo nitakuambia mwishoni. Usiruke mistari kwenda kuitafuta.

Na mwandiko wangu usiucheke. Mimi shule sikwenda, baba yangu alisema mbuzi hawachungwi na vitabu. Nimejifunza juzijuzi tu, kwenye kisomo cha watu wazima, na kile kijana mwalimu wetu kilikuwa sawa na wewe, kikanishika mkono kunionyesha herufi, nikakiambia, "Mkono huu umelea na umepika kabla mama yako hajaota meno, ushike kwa adabu." Lakini nilijifunza. Ukiona nimekosea mahali pita kimya. Wewe ulipokuwa unajifunza kutembea ulianguka kwenye majivu yangu mara ngapi, nani alikucheka? Vizuri, nilikucheka. Lakini nilikuokota.

Habari za kuoga, kusali, kufua, kutokula kwa watu usiowajua, sikuandikii. Hayo umeyasikia tangu ukiwa na kamasi mpaka mdomoni, na kama hayajaingia mpaka leo kalamu haitayaingiza. Nakuandikia jambo moja. Mshahara. Maana ndio unaokuvuruga kichwa.

Jana tukila ulimwambia baba yako mdogo Gervasi maneno, ukidhani niko jikoni sisikii. Jiko langu halina ukuta, Leonsi. Ulisema: "Baba mdogo, wenzangu wananiambia mwanafunzi wa urubani halipwi mshahara. Anapewa posho ya sabuni tu. Na akishamaliza anafungwa, lazima aitumikie serikali miaka ndipo awe huru. Mimi baba yangu ana mguu mmoja. Hiyo miaka yote nani atamlimia?" Gervasi akakujibu, kinywa kimejaa ugali wangu: "Mrisho anatoa pesa mkononi kila tripu. Unashusha mzigo, unalipwa hapo hapo, jasho halijakauka. Kuendesha umeshajifunza jeshini. Ndege utaikuta." Ndege utaikuta! Kama vile ndege ni mchicha, leo ukiuacha kesho umeongezeka.

Kwanza, baba yako ana miguu miwili. Mmoja haukunjiki. Usimpunguze.

Pili, nani atamlimia? Mimi. Na huyo huyo Gervasi, nimeshamwambia leo, hajakataa, na siku atakayokataa atatafuta ugali wa kujazia kinywa mahali pengine.

Tatu, hao wenzako wanaokuambia habari za urubani, ndege wameiona tumbo tu, kutoka chini. Mimi nimemlisha rubani kwa mikono yangu. Kaa nikueleze, maana wakati ule wewe ulikuwa shuleni Tabora, na ulivyorudi nilikusimulia ukawa unasoma gazeti.

Ilikuwa masika. Ndege ndogo ilishuka hapa uwanjani kwetu, imeleta watu wa serikali, halafu mvua ikafunga. Mvua ile ya Mpanda unayoijua, ambayo ukinyoosha mkono huuoni mkono. Mpishi wa nyumba ya wageni alikuwa amelewa, kama kawaida yake, kwa hiyo rubani akaletwa kwangu kibandani. Kijana mwembamba wa watu wa milimani huko Kaskazini, anaitwa Anselmi. Shati jeupe, yeye mwenyewe mweusi kama sisi. Nilikuwa nimezoea kufikiri ndege zinaendeshwa na wazungu tu. Nikampa wali wa Mpimbwe na migebuka, samaki wa ziwani. Alipomaliza akauliza, "Mama, ukoko haupo?" Mtu anayeomba ukoko nampenda hapo hapo. Nikamkwangulia sufuria nzima.

Kisha nikamuuliza, maana mimi sizunguki: "Baba, wewe unalipwa ngapi?"

Akapaliwa. Alipopata pumzi akasema, "Mama, watu kwanza huniuliza kama naogopa."

"Kuogopa naona mwenyewe kwa unavyokula. Nimeuliza mshahara."

Akacheka sana. Na akanieleza, siku ile na siku zilizofuata, maana mvua ilimweka hapa mpaka akajua majina ya kuku wangu. Kiasi chenyewe sikuandikii. Kilichonikaa si kiasi, ni jinsi kinavyopatikana, na hicho ndicho wenzako hawakijui.

Aliniambia hivi. Unapojifunza, kweli, ni posho tu, na wenzako wa shule walioingia maofisini watakupita na baiskeli mpya. Ukipata leseni ndipo mshahara unaanza, na wa kwanza ni mdogo, maana unaanzia ndege ndogo, au unakaa kiti cha upande wa kulia kama msaidizi wa mkubwa wako. Kapteni anakaa kushoto. Kutoka kiti cha kulia kwenda cha kushoto ni hatua moja, nikamwambia mbona karibu hivyo, akasema, "Mama, hiyo hatua moja ni miaka." Wanahesabu saa zako za angani, na saa haziibiwi wala hazinunuliwi. Ndege ikiwa kubwa zaidi mshahara nao unakua. Ukilala nje ya kwako wanakupa posho ya kulala nje. Kapteni wa ndege kubwa anapata pesa ambayo Gervasi akiitajiwa ataanguka na kigoda.

Lakini aliniambia na upande wa pili. Kila baada ya miezi michache daktari anakupima macho, masikio na moyo, kama ng'ombe wa mnada. Rafiki yake mmoja alipatikana na ugonjwa wa sukari, kijana kabisa, wakamtoa kwenye ndege wakampa meza ofisini. Na mitihani haiishi. Kapteni mwenye mvi bado anakaa na mkaguzi ubavuni anaulizwa maswali kama mtoto. Nikamwambia, "Basi kazi gani hiyo ya kuulizwa mpaka uzeeni?" Akajibu, "Siku wakiacha kuniuliza, mama, na wewe usipande." Na ndugu zake kule milimani wanadhani analala juu ya pesa. Kila akishuka anakuta foleni ya wajomba. Hilo kwako usiliwaze. Foleni itaanzia mlangoni kwangu, na mimi ndiye nitakayeipanga.

Sasa fika kwenye neno lenyewe.

Siku moja mvua ilipungua kidogo, ikawa manyunyu. Mkubwa wa wale watu wa serikali walioletwa na ndege akaja kibandani na faili kwapani. Anselmi alikuwa anakula. Mkubwa akasimama juu yake.

"Ndugu rubani, mvua imekatika. Twende."

Anselmi akatazama nje, akatafuna, akameza. "Hapa imekatika. Huko tunakokwenda mawingu yamekaa chini. Leo hapana."

"Nina kikao mimi."

"Pole, ndugu."

"Unajua mimi ni nani?"

"Nakujua. Nimekubeba."

Watu wakaanza kucheka chini chini. Mkubwa akaona haya, na mtu mkubwa akiona haya anakuwa mbaya. Akasema, "Nitakuandika kwa wakubwa wako. Utapoteza kazi."

Anselmi akaweka kijiko chini polepole, akatoa kalamu mfukoni kwenye lile shati jeupe, akamnyooshea kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. "Andika, ndugu. Kalamu hii inaandika vizuri."

Yule bwana akatoka na faili lake. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko juu, wali ukaanza kuungua sikuona. Nikamwendea, nikamuuliza kwa sauti ya chini: "Baba, na leo unalipwa? Siku hujaruka?"

Akasema, "Nalipwa, mama. Nikiruka nalipwa, nikikaa nalipwa. Pengine wakinilipa kwa kukaa ndiyo siku wamenilipa kwa haki zaidi. Kuruka wapo wengi wanaojua. Kumwambia mtu kama yule hapana, na huku naogopa kupoteza kazi, hapo ndipo mshahara wangu ulipo."

Nikarudi jikoni. Nikageuka kidogo nisionekane. Maana nilikuwa namfikiria baba yako.

Habari ya baba yako unaijua kwa juu juu, kwamba alianguka kwenye mti. Nyie watoto tuliwaambia hivyo kwa sababu mlikuwa watoto. Sasa unaondoka, ijue yote.

Sisi ni watu wa Inyonga, watu wa asali. Kabla hatujahamia Mpanda babu yako na wanaume wa kwetu walikuwa wanaingia porini kurina asali, wawili wawili. Mmoja anapanda na mwenge wa moshi mpaka kwenye mzinga. Mwingine anabaki chini na kamba, ndiye anayepandisha chombo na kukishusha. Sasa sikia mila yetu ilivyokuwa. Aliye chini akisema "shuka," unashuka. Hakuna kuuliza, hakuna "bado kidogo." Aliye juu ana moshi machoni na nyuki masikioni, haoni kitu. Aliye chini ndiye anayeona tawi linavyolia, upepo unavyogeuka, gome lilivyolowa. Na wakirudi nyumbani wanagawana sawa, aliyepanda na aliyeshika kamba. Hata wakirudi mikono mitupu, siku ile mwenye kamba aliposema "leo mti hautaki," bado wake zao tuliwapikia sawasawa. Hakuna aliyemwambia mwenzake umetunyima asali. Hivyo ndivyo wazee walivyofia vitandani mwao.

Kisha akaja mnunuzi. Hakuwa mwizi, alilipa vizuri na alikuwa anacheka na watu. Ila alisema yeye anamlipa aliyepanda tu, kwa kila debe aliloshusha. Debe lako, pesa yako. Aliye chini atamaliziana na mwenziwe. Ilionekana haki kabisa. Anayefanya zaidi apate zaidi, nani atapinga? Sote tulifurahi, na mimi nimo. Nilinunua vitenge viwili. Hatukuona kilichokuwa kimeharibika, maana kilikuwa kidogo sana: mwenye kamba alikuwa hana sababu tena ya kufungua mdomo. Akisema "shuka" anamnyima mwenzake debe, na mwenzake anamnunia. Basi watu wa kamba wakajifunza kunyamaza.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Gome la mti limelowa, linateleza kama bamia. Baba yako Gaspari akapanda. Alikuwa ameshashusha debe moja, mnunuzi anamsubiri njiani na gari, akataka la pili. Aliyeshika kamba alikuwa mdogo wake, Gervasi. Gervasi aliona mguu wa kaka yake ukiteleza mara ya kwanza. Aliona. Akafungua mdomo, akaufunga. Aliniambia mwenyewe, akilia kama mtoto, tulipokuwa tumembeba kaka yake kwenye machela kuja hospitali hapa Mpanda. "Mama, neno lilikuwa hapa," akajishika koo. "Nikaona atanikasirikia." Mguu wa baba yako uliunganishwa, ila goti likakataa kukunjika, na mti hapandi tena mtu mwenye goti kama mti. Ndiyo maana tukabaki mjini. Ndiyo maana mimi nauza wali na yeye anachonga mizinga ya watu wengine wakapande.

Gervasi simlaumu. Nimemlisha miaka yote hii na wala sijawahi kulitaja mbele yake. Lakini ona alivyo mpaka leo, Leonsi. Ni yule yule. Jana anakuona unateleza, anafungua mdomo, na badala ya kusema "shuka" anasema "pesa mkononi kila tripu." Hajui kama anarudia. Mimi najua.

Na Mrisho pia si mtu mbaya. Anasali, analisha watoto wasio wake, mkewe ana mdomo lakini moyo wake ni mzuri. Ila lori lake ni debe lile lile. Masika yatakuja, mto utajaa kule njia ya Inyonga, maji yatakuwa yanapita juu ya daraja, na tumbaku ya watu iko nyuma yako inangoja mnada. Mrisho hatakuambia uvuke. Atakaa pale pembeni yako na kuuliza kwa upole, "Dereva, unaonaje?" Na viatu vyake viko miguuni mwako. Utamjibu nini? Umeshindwa kumwambia hapana mtu akiwa barazani kwake na kikombe cha kahawa, utaweza kwenye maji?

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Lori silichukii, dereva ni mtu wa heshima. Nimekasirika kwa sababu wewe lori hulitaki. Nakuona. Tangu mtoto ndege ikipita unaacha ugali, unaacha mpira, hata ukiwa unachapwa ulikuwa unainua kichwa, mpaka mchapaji naye anainua. Shule umeshinda. Macho na moyo wako wamepima wameridhika. Nchi tatu za Jumuiya zimegawana ndege zao, sasa kila nchi inatafuta vijana wake wa kuzirusha, na kijana mmoja wametafuta wamemwona Nsemulwa. Na wewe ulikwenda kuaga tu kwa Mrisho pale Kawajense, ukaonyeshwa viatu, ukaona haya kuvikataa. Basi. Hakuna zaidi. Haya ndiyo iliyokuajiri. Halafu ndipo ukaenda kutafuta sababu, ukaukuta mguu wa baba yako, ukaubeba kuja nao mezani.

Leo nilipotoka bombani nilimkuta baba yako anachonga. Nikamwambia yote, viatu, lori, na maneno uliyomwambia Gervasi. Unamjua alivyo, hakuinua kichwa. Akapuliza maganda, akasema, "Mwambie apande. Mimi sikuanguka kwa sababu nilipanda. Nilianguka kwa sababu sikujua kushuka." Akaendelea na mzinga wake. Hayo ndiyo maneno yote utakayopata kwake, kwa hiyo yahifadhi vizuri. Na usimguse tena huo mguu kuufanya fimbo ya kutembelea wewe.

Sasa shika mambo ya mshahara, uyafunge kichwani.

Posho ya sabuni uichukue bila kununa. Kufungwa na serikali usikuogope: wanakufundisha kwa gharama ambayo ukoo wetu wote tukiuzwa na mbuzi wetu haitoshi, halafu wewe unaona taabu kuwafanyia kazi unayoipenda na kulipwa juu yake? Kiti cha kulia ukikalie vizuri. Usimwonee kapteni wivu. Huyo ndiye mwenye kamba wako, na wewe ni wake. Ukiona kitu hakioni, sema. Usiwe Gervasi. Hata kama ni mkubwa, hata kama ana mvi, hata kama juzi alikufokea. Anselmi aliniambia pia kuna mtu anakaa kwenye mnara anaongea nanyi kwa redio. Nikamwambia, "Kumbe mnaye wa chini!" Akafurahi sana, akasema hajawahi kuelezwa vizuri hivyo. Huyo wa mnara naye umheshimu.

Macho yakianza kukuuma au moyo ukaruka, usimfiche daktari ili upate mshahara wa mwezi mmoja zaidi. Meza ya ofisini haijaua mtu.

Na baadaye, ukishakuwa na saa zako, watakuja watu wenye ndege ndogo za kwao, watakuambia, "Njoo kwetu, tunalipa kwa saa ya angani, ukiruka sana unapata sana." Anselmi alisema wako hivyo, na vijana wengi wanakimbilia huko. Wewe ukae kwenye kiti, uwatazame usoni, uwaulize swali nililouliza mimi na mwiko mkononi: siku nikisema leo haturuki, nalipwa? Wakikohoa, wakitazamana, wakisema "hilo tutaangalia," simama. Hata kama pesa yao ni mara mbili. Hiyo ni pesa ya debe na ukoo huu tumeshailipa.

Nimechoka, mkono umekufa ganzi. Kisomo hawakutufundisha barua ndefu namna hii. Sasa fanya ninayokuambia, kwa mpangilio huu huu.

Chukua hivyo viatu. Vifute vumbi, mpaka kwenye kisigino, virudi kama vilivyokuja. Vifunge kwenye gazeti ulilokuwa unasoma mimi nikikusimulia. Vaa katambuga zako. Nenda Kawajense sasa hivi kwa miguu, usiazime baiskeli ya mtu, usimtume mtoto, usipitie kwa Gervasi akakusindikize. Utamkuta Mrisho barazani na wenzake wanakunywa kahawa. Usimwite pembeni. Msalimie kwa heshima, mpe kwa mikono miwili, useme mbele yao: "Mzee Mrisho, nakushukuru, ila hapana. Nakwenda urubani." Usiongeze habari ya bibi, usitaje mguu wa baba. Atacheka, atakuambia kaa kwanza, kunywa kahawa, tuongee kiume. Usikae. Pengine atanuna, pengine wenzake watakutania njiani mpaka kona. Utaogopa. Ogopa tu, huko ndiko kazi yenyewe inakoanzia, na hii tripu ya kwanza hakuna anayekulipa.

Ukishindwa, urudi uniambie umeshindwa, na kesho treni iende bila wewe. Nasema kweli, nitakaa na aibu yangu bombani mpaka nife. Maana ukimwonea haya mtu wa viatu utamwonea haya na mtu wa faili, na nyuma yako watakuwa wamekaa mama za watu na watoto wao wachanga, hawajui kama rubani wao ana haya.

Ukiweza, kuku nimeshamchinja. Ukoko wote wako, mume wangu mdogo, na sitakuuliza lolote. Nitaangalia tu vumbi la miguuni.

Mimi bibi yako, mkeo mkubwa,
Pelagia

Bado umekaa? Nenda.